Bonanza la Chuo Lisiwe la Wenye Jezi Pekee

Katika vyuo vikuu vya tiba nchini Tanzania hufika Jumamosi moja ya mwaka ambapo makoti meupe hutundikwa na viatu vya michezo hutolewa uvunguni. Serikali ya wanafunzi huandaa bonanza: mwaka wa kwanza huchuana na mwaka wa pili, wanafunzi wa famasia huwakabili wa uuguzi, walimu huunda timu yao ya maveterani, na kutwa nzima husikika filimbi, vigelegele na muziki wa spika kubwa. Jioni vikombe hukabidhiwa, picha hupigwa, na Jumatatu kila mmoja hurejea darasani au wodini akichechemea huku akicheka.

Juu ya siku hiyo zipo kauli mbili zinazosikika mara kwa mara. Ya kwanza husema kwamba mwanafunzi mwenye mtihani wa fiziolojia hana Jumamosi ya kupoteza. Ya pili husema kwamba bonanza ni burudani tu, na burudani haihojiwi. Kauli zote mbili zinadunisha jambo kubwa. Siku ya michezo katika chuo cha tiba ni huduma ya afya, ingawa imevaa jezi badala ya koti jeupe. Na kwa kuwa ni huduma ya afya, haina budi kuulizwa maswali yale yale yanayoulizwa juu ya kliniki na chanjo: inamfikia nani, inamwacha nani, ina usalama gani, na ikishapita inaacha nini nyuma yake.

Mganga hajigangi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku 2 za wiki. Takwimu zilizotolewa na shirika hilo mwaka 2024 zinaonyesha kuwa takriban asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani karibu watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022, na wanawake walikuwa nyuma ya wanaume. Mkulima anayelima kwa jembe la mkono na mama anayefuata maji kwa miguu hawahitaji kukumbushwa jambo hili. Miili yao huwa kazini tangu alfajiri. Tatizo limejikita zaidi mjini: ofisini, kwenye foleni ya magari, juu ya bodaboda inayomfikisha mtu hadi mlangoni, na katika maktaba ya chuo.

Ushahidi wa madhara ya kukaa ulianza kukusanywa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Dereva alikaa kwenye kiti chake kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa akikata tiketi. Basi lilikuwa moja, njia ilikuwa moja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Baadaye Morris mwenyewe alionyesha kuwa madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipoajiriwa, hivyo ngazi pekee hazikueleza kila kitu. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata katika nchi mbalimbali ziliupa nguvu msingi wa hoja yake. Anayewajua dereva na konda wa daladala hahitaji tafsiri ya utafiti huo.

Methali isemayo mganga hajigangi inawagusa wahudumu wa afya moja kwa moja. Mwanafunzi wa tiba huhama kutoka kiti cha ukumbi wa mihadhara hadi kiti cha maktaba. Karani wa masijala huinuka kwenda kula na kurudi. Muuguzi husimama zamu nzima, lakini uchovu wa kazi na mazoezi si kitu kimoja: uchovu wa kazi huja bila hiari na mara nyingi bila mapumziko, ilhali mazoezi huupandisha mwili, huushusha, na kuuacha ujijenge. Mgonjwa wa shinikizo la damu anapoambiwa na daktari mwenye kitambi kuwa afanye mazoezi, husikia maneno na kuona mfano, na si vigumu kubashiri ni kipi kitakachomkaa kichwani.

Faida isiyopimika kwa mizani

Maradhi ya moyo na kisukari ni upande mmoja tu wa hoja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA, ambao ulikusanya tafiti kutoka nchi zaidi ya 40, ulikadiria kuwa takriban asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na kwamba karibu asilimia 11 walikuwa wamepata mawazo ya kujiua. Nyuma ya asilimia hizo yupo kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya sekondari, ambaye sasa amefeli somo moja na hathubutu kupiga simu nyumbani. Yupo pia mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeona mgonjwa akifa kwa mara ya kwanza usiku, na asubuhi akatakiwa aeleze kisa hicho mbele ya wenzake kana kwamba hakuna kilichomgusa.

Michezo haiponyi sonona kwa yenyewe, na mwenye mawazo ya kujidhuru anahitaji kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo, wala si kupewa jezi. Lakini mazoezi ya mara kwa mara hupunguza dalili za sonona na wasiwasi na huboresha usingizi. Tena uwanja hufanya kazi ambayo ofisi ya ushauri nasaha haiwezi kuifanya peke yake: humtoa mtu chumbani. Anayeitwa kwa jina lake katika timu ana watu wa kuuliza yuko wapi siku asipoonekana. Mara nyingi msaada huanza kwa swali hilo dogo.

Uwanja pia hulegeza ngazi za hospitali. Wodini, mfanya usafi hamkosoi bingwa wa upasuaji, na mwanafunzi wa mwaka wa pili hamkatizi mwalimu. Katika mchezo wa kuvuta kamba wote hushika kamba moja, huteleza katika vumbi moja, na mwenye sauti ya kuhesabu "moja, mbili, vuta!" ndiye kiongozi, hata kama kazi yake ni kulinda geti. Usalama wa mgonjwa hutegemea mtu mdogo kuthubutu kumwambia mkubwa kwamba dawa hii siyo. Haitazamiwi kwamba kamba peke yake itajenga ujasiri huo, ila watu waliowahi kucheka pamoja huambiana ukweli kwa wepesi zaidi.

Nani amebaki nje ya mstari?

Hapa ndipo mabonanza mengi yanapopungukiwa. Mechi ya mpira wa miguu huchukua dakika 90 na huwachezesha watu 22 kwa wakati mmoja. Mechi ya mpira wa pete huwachezesha 14. Waliobaki, ambao ni mamia, hukaa juani au chini ya turubai wakishangilia, soda mkononi. Wanaocheza ni wale wale wanaocheza kila jioni, yaani wale ambao miili yao ina haja ndogo zaidi ya siku hiyo. Asiyecheza tangu alipomaliza shule hutazama. Mwenye uzito mkubwa hutazama, kwa kuogopa kuchekwa. Mama mwenye mtoto mchanga huwa hakuja kabisa. Mhudumu wa zamu ya usiku amelala, na mfanya usafi yuko kazini, akisubiri kuokota chupa za wengine.

Huduma inayowafikia wasioihitaji sana na kuwaruka wanaoihitaji zaidi ina kasoro katika mpango wake. Dawa yake haina gharama kubwa. Bonanza lianze saa 12:30 asubuhi, kabla jua la Dar es Salaam au Dodoma halijakaza, kwa matembezi ya pamoja ya nusu saa ambayo hayana mshindi. Mpira wa miguu ubaki, maana bila mpira wa miguu vijana hawatakuja, lakini uchukue uwanja kwa saa chache na wala si siku nzima. Saa nyingine zipewe michezo ambayo watu wengi wanaijua tangu utotoni: rede, kuruka kamba, mbio za magunia, mbio za kupokezana vijiti, kukimbia na ndimu katika kijiko. Katika michezo hiyo bingwa huanguka na bibi wa masijala hushinda, na aliyeogopa kuchekwa hugundua kwamba leo wanachekwa wote.

Wenye ulemavu wapangiwe tangu kikao cha kwanza, na wakae ndani ya kamati wenyewe. Kurusha tufe au mpira wa kikapu kwa kukaa ni michezo kamili. Wazee wawekewe bao na drafti kwa ajili ya uenzi na mazungumzo, ila kila baada ya mizunguko kadhaa mwamuzi awasimamishe wanyooshe viungo, kwa kuwa bao huchangamsha akili zaidi kuliko miguu. Na wafanya usafi, walinzi na wapishi wapewe zamu za kucheza, kwa saa zilizoandikwa kwenye ratiba, huku wanafunzi wakishika mifagio kwa muda huo.

Wagonjwa nao ni wanajumuiya

Chuo cha tiba kina jumuiya kubwa kuliko orodha ya waliosajiliwa. Wapo wagonjwa wa kliniki za kisukari, shinikizo la damu, moyo na selimundu ambao huja kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, hukaa kwenye mabenchi kwa saa nyingi, na kuondoka na ushauri wa maneno mawili: "fanya mazoezi". Mazoezi gani, kwa muda gani na kwa tahadhari ipi, mara nyingi hawaelezwi. Bonanza ni nafasi ya kuwaonyesha kwa vitendo, wakiwa wamezungukwa na watu wa kuwasaidia.

Kwa walio wengi, kutembea kwa haraka ndiyo njia salama ya kuanzia. Kipimo chake ni pumzi: mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kipimo hiki kinawafaa hata wanaotumia baadhi ya dawa za moyo na shinikizo ambazo huzuia mapigo yasipande, kwa kuwa kwao kuhesabu mapigo hupotosha. Anayejichoma insulini, au anayemeza vidonge vinavyoweza kuishusha sukari, apime kabla ya kuanza. Sukari ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza. Mfukoni awe na kitu kitamu, avae viatu vilivyofunika vidole, aikague miguu yake baadaye, na akumbuke kwamba sukari inaweza kushuka saa nyingi baada ya mazoezi, hata usiku. Ambaye shinikizo lake limefika 180 kwa 110 asiingie kwenye mazoezi makali mpaka apimwe upya na kuonwa na daktari. Mwenye pumu awe na pampu yake mkononi, isiwe kwenye begi lililofungiwa chumbani. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha, apumzike mara kwa mara, na aache mara maumivu yanapoanza. Mjamzito ambaye daktari hajamkataza ananufaika na dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mradi aepuke michezo ya kugongana na kuanguka.

Hema la kupima shinikizo na sukari limekuwa desturi ya mabonanza mengi, na ni desturi njema ikiwa lina mlango wa kutokea. Kumwambia mtu kuwa shinikizo lake liko juu na kumwacha aende zake ni kumpa hofu bila dawa. Kipimo kimoja, tena baada ya kukimbia au kunywa kahawa, hakitoshi kumwita mtu mgonjwa. Apumzike dakika 5, apimwe tena, na namba zikibaki juu aandikiwe karatasi yenye jina la kliniki, siku na saa ya kufika. Matokeo yake yasisomwe kwa sauti mbele ya foleni. Siri ya mgonjwa haiondoki kwa kuwa kuna muziki.

Uwanja wenye wataalamu usiue mtu

Ingekuwa fedheha mtu apoteze maisha kwenye michezo iliyoandaliwa na wanafunzi wa tiba kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton aliyezaliwa Kongo, alianguka uwanjani London wakati wa mechi dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukufanya kazi ipasavyo kwa dakika 78, naye akaishi, kwa kuwa watu walianza kumkandamiza kifua pale pale, na miongoni mwao alikuwamo daktari wa moyo aliyeshuka kutoka jukwaa la watazamaji. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen katika mechi dhidi ya Finland, akaokolewa kwa njia hiyo hiyo pamoja na mashine ya kushtua moyo. Walinusurika kwa sababu waliokuwa karibu walikuwa wamejifunza na kujiandaa kabla ya filimbi ya kwanza.

Kwa hiyo kila bonanza la chuo cha tiba liwe na dakika 20 za kumfundisha kila aliyehudhuria, pamoja na walinzi, madereva na wapishi, jinsi ya kumsaidia aliyeanguka ghafla. Asiyeitika na asiyepumua kawaida achukuliwe kuwa moyo wake umesimama, hata kama anatoa mikoromo au anatikisika kama mwenye degedege. Mmoja aite msaada, mwingine aweke viganja katikati ya kifua na kukandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kipande kila baada ya kukandamiza, bila kukatisha mpaka msaada ufike. Pengine ujuzi huo hautatumika uwanjani kamwe. Utatumika nyumbani Mbagala au Nyegezi, baba wa mtu atakapoanguka sebuleni.

Tahadhari nyingine ni nyepesi. Anayepata maumivu ya kifua au kuzimia anapokimbia, au aliye na ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, asicheze kabla ya kuchunguzwa moyo. Maji yawepo kila kona. Viungo vipashwe moto kwa mpango: tafiti juu ya programu ya FIFA 11+, ambayo huchukua takriban dakika 20, zimeonyesha kuwa hupunguza majeraha kwa wachezaji wa mpira. Veterani aliyecheza mara ya mwisho miaka kumi iliyopita asianze kwa mbio za kasi, kwani misuli haina kumbukumbu ya sifa za ujana.

Fedha, muda na Jumamosi inayofuata

Watapinga wengine kwamba mambo haya yanahitaji fedha. Kwa sehemu kubwa yanahitaji kikao. Kamba, magunia na ndimu havivunji bajeti, na walimu wa kufundisha huduma ya kwanza wamejaa chuoni. Palipo na mfadhili, asiwe muuza pombe, wala soda isiwe zawadi ya kila mshindi. Hospitali inayomkataza mgonjwa wa kisukari soda siku ya Ijumaa haiwezi kumgawia Jumamosi kwa jina la michezo. Maji, machungwa, ndizi na madafu vinatosha.

Watapinga wengine kwa hoja ya muda, na hesabu ya muda ndiyo inayopaswa kuwatisha waandaaji kuliko yote. Dakika 150 kwa wiki ni dakika 7,800 kwa mwaka. Aliyecheza saa 3 siku ya bonanza amepata dakika 180, ambazo hazifiki asilimia 3 ya hitaji lake. Bonanza lililosimama peke yake, kwa hesabu hiyo, ni karibu na bure. Thamani yake iko katika lile linaloanzishwa nalo. Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa Watanzania. Wito upo, na siku ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuishika. Jumuiya ya chuo cha tiba ina kila sababu ya kuwa ya kwanza.

Na wakuu wa vyuo wana deni lao. Wanafunzi wanaweza kuandaa siku. Hawawezi kuandaa ardhi. Uwanja unaogeuzwa kuwa maegesho ya magari au msingi wa jengo jipya haurudi. Uwanja usio na taa humfungia nje mwanamke anayemaliza zamu jioni. Kuacha kipande cha ardhi wazi, kukiwekea taa, na kuacha saa moja ya jioni bila kipindi mara mbili kwa wiki ni maamuzi ya afya yenye uzito sawa na kununua mashine.

Basi kamati ya michezo, inapoandika ripoti yake baada ya vikombe kukabidhiwa, isiishie kwenye magoli na majina ya washindi. Iandike ni watu wangapi walicheza ambao hawakuwa wachezaji, ni wagonjwa wangapi waliopewa karatasi ya kliniki na wakafika, na ni wangapi waliojifunza kukandamiza kifua. Kisha iandike namba ya mwisho, ambayo haipatikani siku ya bonanza: wangapi walirudi kutembea Jumamosi iliyofuata, bila muziki, bila jezi na bila kombe.